Kwa Tatu, Kulia

Humam alikuwa na kilo mia na ishirini na tano, na asubuhi ile kila kilo ilikuwa inaogopa. Kijana wa Kibokoni, Mombasa, mwaka wa pili chuoni Dubai, alikuwa amesimama stesheni ya metro ya Rashidiya na kifurushi cha achari kutoka kwa mamake, kilicholetwa na jirani aliyeshuka uwanja wa ndege alfajiri. Begani alining'iniza begi la michezo lenye kofia ngumu iliyofungwa nje. Ilikuwa Jumapili ya Novemba 2014, siku ambayo Dubai nzima hurudi kazini kwa pamoja, na watu walikuwa wanapishana mabega ngazini. Yeye hakuwaona. Kichwani mlikuwa na maneno ya kocha tu, aliyoambiwa jana yake: "Kuanzia kesho unacheza katikati."

Treni ilipofungua milango, Humam alijitupa ndani kwa mlango wa karibu. Milango ikafungwa nyuma yake. Alipoinua macho akakuta amezungukwa na abaya, mikoba, vigari vya watoto na macho mengi yanayomtazama yeye. Mwanamume mwingine hakuwamo hata mmoja.

"Salaala, nimeingia wapi mimi?" alijisemea.

"Umeingia kwa wanawake," sauti ikamjibu kwa Kiswahili. "Umepotea au umekusudia?"

Aliyesema alikaa kiti cha mlangoni: msichana mwembamba, abaya nyeusi yenye nakshi ya zambarau mikononi, shela imekaa ovyo kama ya mtu aliyevaa huku akikimbia, na chini raba nyeupe pepepe. Alikuwa anajizuia kucheka, wala hakuficha kuwa anajizuia.

"Nimepotea, wallahi. Sikuona alama."

"Alama ya pinki kubwa kuliko wewe hukuiona? Haya, simama hapo hapo, usitikisike. Mkaguzi akikukuta ni faini. Stesheni ijayo teremka mbio, uhamie behewa la pili. Na hilo sufuria lako lisimgonge mtoto wa watu."

"Si sufuria. Ni helmeti."

"Unaendesha pikipiki?"

"Nacheza mpira."

"Mpira gani huo wa kuvaa kofia ngumu?"

Hakupata kumjibu, stesheni ilifika. Alishuka mbio, akaingia behewa la pili akitokwa na jasho, na kabla hajapumua vizuri akamwona yule yule msichana anaingia nyuma yake, maana mwanamke anaruhusiwa kokote.

"Nimekuja kujibiwa," alisema.

Jina lake Sundus. Babu zake walitoka Unguja miaka ya sitini wakalowea Rashidiya, na nyumbani kwao Kiswahili hakijawahi kuacha kusemwa. Alifanya kazi duka la miwani Deira. Humam alimweleza huo mpira wa Kimarekani, unaogombewa kwa mikono na vifua, na kwamba chuo chake ni kimoja kati ya vichache Dubai vyenye timu.

"Zamani kazi yangu ilikuwa kuvamia," alisema. "Nampita aliye mbele yangu, namkimbilia mrushaji wao, namwangusha. Mimi ndiye niliyekuwa natisha watu. Sasa kocha amenigeuza. Mimi ndiye wa kuanzisha mpira, nampa mrushaji wetu kwa chini, kati ya miguu yangu, halafu nasimama nimkinge asiguswe."

"Yaani ulikuwa mwizi, umefanywa askari."

"Ndivyo."

"Mbona waogopa basi?"

"Nani amesema naogopa?"

Sundus alitazama mikono ya Humam. Kifurushi cha achari kilikuwa kinatetemeka. Akaomba simu yake, akamwandikia namba, akashuka Deira.

Na Humam alikuwa na haki ya kutetemeka. Chuo kilimsomesha kwa ajili ya mwili wake. Akitolewa kwenye orodha ya wachezaji, ufadhili unakatika. Ukikatika, visa inafutwa, na baada ya siku thelathini yuko Mombasa na begi lake. Mwezi wa kwanza tangu wakutane hofu hiyo ilikuwa ya masomo. Kuanzia mwezi uliofuata ilikuwa ya kumpoteza Sundus.

Maana mapenzi yalikolea haraka. Yeye akikaa Discovery Gardens, mwisho mmoja wa mji, na mpenzi wake Rashidiya, mwisho wa pili, walikutana katikati: leo kwenye benchi la ufukweni, kesho kwenye mkahawa wa Wahindi wenye chai ya maziwa, wakikaa pande mbili za meza kwa heshima na kuangaliana bila heshima hata kidogo. Kila siku baada ya magharibi simu ililia.

"Hujambo, laazizi wangu wa sufuria?"

"Sijambo, roho yangu. Leo nimeangusha mpira mara nne."

"Jana ulisema sita. Unaendelea vizuri."

"Wanicheka."

"Nakucheka na nakuombea. Vyote viwili."

Jioni moja Humam alimpa habari njema. Mrushaji wao, Rafiq, kijana wa Likoni aliyekaa naye chumba kimoja, alikuwa amepata dawa. Shida ya Humam ilikuwa kwamba, akiinama na kichwa chini, husahau mpira unaanza kwa hesabu ya ngapi na utaelekea upande gani. Basi Rafiq atamkumbusha palepale, kwa sauti, kwa Kiswahili. Akisema "Kwa tatu, kulia," mpira unaanza hesabu ya tatu na kwenda kulia.

"Mbele ya wapinzani?" Sundus aliuliza.

"Wapinzani ni Waarabu na Wahindi na Wazungu, nani atatuelewa?"

"Humam, mji huu usimdharau mtu kwa kandura yake ya Kiarabu."

"Ah, wacha kuniingiza woga, mami. Nimeanza kulala usingizi juzi tu."

Msomaji uliyewahi kukaa Dubai umeshashika kichwa. Unajua kuna nyumba ngapi pale, Rashidiya mpaka Sharjah, ambapo mzee mwenye kilemba na jina la Kiarabu tupu hugombana na mkewe kwa Kiunguja cha Ng'ambo. Sundus alijua, maana alizaliwa katika nyumba ya namna hiyo. Lakini mtu aliyeonjeshwa usingizi humwamshi kirahisi, naye hakutaka kumwongezea hofu. Akaacha hapo, akamtakia usiku mwema.

Mechi ya Sharjah ilichezwa Jumamosi ya pili ya Januari, baada ya alasiri. Humam alipoinama juu ya mpira akaona mbele yake jezi ya kijani, ndevu zilizochongwa kwa wembe, na macho yaliyotulia mno. Jezi iliandikwa NASSOR.

"Kwa tatu, kulia!" aliita Rafiq. Hesabu ya tatu ilipofika, yule wa kijani alikuwa kulia tayari. Mara ya pili ikawa hivyo hivyo. Mtu huyu alikuwa anaondoka pamoja na Humam, sekunde ile ile, kama wanaohesabu pamoja. Mara ya tatu Rafiq aliita kwa mbili, kushoto, na vidole vya Humam havijauacha mpira sawasawa, upepo wa yule mtu ulishampita sikioni. Akasikia nyuma yake mlio kama mwiko unaovunjwa gotini. Halafu akasikia Rafiq anamwita mamake.

Walimtoa kwa machela, mfupa wa bega umevunjika. Humam alisimama katikati ya uwanja na mikono imening'inia, hajui aiweke wapi. Ndipo alipogeuka akaona, kando ya benchi la Sharjah, abaya yenye nakshi ya zambarau. Sundus alikuwa anampangusa Nassor damu ya mdomo kwa tishu.

Simu alipiga Humam siku ile, magharibi haijaingia.

"Ulikuja," alisema.

"Nilitaka kukushtukiza. Pole sana, mpenzi. Rafiq yuko vipi?"

"Uliyekuwa unampangusa mdomo ni nani?"

"Nassor? Mtoto wa ami yangu. Sikujua kama—"

"Mtoto wa ami yako. Na wewe peke yako ndiye uliyejua tunaitana kwa Kiswahili."

"Humam, sema unachotaka kusema."

"Nasema kikulacho ki nguoni mwako."

"Basi nivue," alisema Sundus, na simu ikakatika.

Wiki mbili zilizofuata Humam hakuishi, alihesabu siku tu. Rafiq alirudi kutoka hospitali na mkono umefungwa kifuani, na kwa kuwa chumba ni kimoja, Humam akawa analala amegeukia ukutani. Mazoezini alipewa mrushaji mpya, Zephania, Mganda wa mwaka wa kwanza mwenye shingo nyembamba kama ya twiga mtoto. Kila alipoinama mbele yake alisikia ule mlio. Mpira ukamtoka mikononi, ukapita juu ya kichwa cha Zephania, ukaenda kwenye uzio. Kocha Irshad, Mpakistani aliyekulia Amerika, hakuwa mtu wa kelele, na hilo lilitisha zaidi.

"Jumamosi tunarudiana na Sharjah," alimwambia. "Mrushaji wangu akiumia tena, khalas, nakutoa kwenye orodha. Unajua maana yake."

Alijua. Usiku aliota amesimama uwanja wa ndege, Sundus yuko upande wa pili wa kioo, amempa mgongo. Mara tatu aliandika ujumbe wa kuomba radhi akaufuta, kwa sababu bado aliamini mwenye kosa ni yule binti, na bado alimtaka, na mambo hayo mawili hayakai chungu kimoja.

Alhamisi adhuhuri mlango uligongwa. Humam akafungua, akakutana na kandura nyeupe iliyopigwa pasi, kilemba cha ghutra kichwani, na mikononi chombo kikubwa cha chakula kilichofunikwa. Ndevu zile zile. Humam akageuza shingo, akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Rafiq, ni yule mshenzi aliyekuvunja bega. Nimfungie mlango?"

"Usinifungie, ndugu yangu," alisema Nassor, "biriani hii inaniunguza."

Chombo kilipotua mezani ndipo Rafiq alipoanza kucheka, akishikilia bega lake kwa maumivu.

"Wajua Kiswahili," alisema Humam.

"Nimelelewa na bibi yangu, Bi Khairiya. Miaka hamsini yuko Uarabuni, Kiarabu chake ni cha kuswalia tu. Nyinyi mlikuwa mnanipigia kelele, kwa tatu kulia, kwa mbili kushoto. Mwanzo nilidhani mnanifanyia stihizai." Akamgeukia Rafiq. "Kukuangusha ndiyo kazi yangu. Kukuvunja sikukusudia. Bibi amesema nisirudi nyumbani mpaka nije nikuombe radhi na chakula hiki mkile."

"Sundus hakukwambia kitu?" Humam aliuliza.

"Aniambie nini Sundus? Hata hakujua kama nacheza, mpaka aliponiona uwanjani. Aliniuliza nimewezaje kuwapita namna ile, nikamweleza. Akalia pale pale na tishu mkononi. Wiki mbili hanisemeshi, anasema nimemvunjia nyumba kabla haijajengwa."

Humam akaketi kitandani, na kitanda kikalia. Aibu ilimpanda kutoka miguuni.

"Bro," Rafiq alisema, "aliyepiga kelele ni mimi. Bega ni langu na sijakulaumu. Mbona wewe wiki mbili hunitazami usoni?"

"Naogopa kukutazama."

"Basi enda kwa Sundus ukatazamwe wewe. Metro iko hapo."

Safari ya kutoka kwao hadi Deira ni zaidi ya nusu saa, na Humam aliifanya yote kwa kusimama, ingawa viti vilikuwepo. Alimpigia Sundus mara tano. Hakupokea. Akamsubiri nje ya duka la miwani, wapita njia wakimkwepa kama gari lililoegeshwa vibaya, mpaka alipotoka. Alivaa abaya ya kijivu, macho yamemvimba kidogo, na alipomwona hakusimama. Humam akamfuata ubavuni.

"Nassor amekuja kwetu."

"Najua. Bibi amenambia."

"Nisamehe. Nilikosa, nilikudhulumu. Ulinambia nisimdharau mtu, na sikukusikia."

"Hilo halikuniuma." Sasa alisimama. "Kutonisikiliza umezoea. Kilichoniuma ni kwamba ulishikwa na woga, ukatafuta wa kumtupia, ukaniona miye niko karibu. Tangu siku ile ya metro n'nakuuliza, unaogopa? Unasema huogopi. Mwanamume mzima na mikono inatetemeka, huogopi. Sasa n'nakuuliza mara ya mwisho."

Watu walikuwa wanapita. Humam alitazama chini, kisha akaacha kutazama chini.

"Naogopa," alisema. "Naogopa kuinama pale. Nilipokuwa mvamizi, nikikosea najiumiza mwenyewe. Sasa nikikosea anaumia aliye nyuma yangu, na mimi simwoni, namsikia tu. Naogopa kumvunja Zephania. Naogopa kocha. Naogopa nitaondoka mji huu na wewe utabaki. Naogopa hata sasa hivi."

Sundus hakumgusa, maana pale ni barabarani. Lakini mabega yake yalishuka, na sauti yake ikashuka nayo.

"Na miye naogopa," alisema. "Kila ndege ikipita juu ya nyumba yetu nasema ndiyo hiyo inamchukua. Ungenambia mapema tungeogopa wote."

"Umenisamehe?"

"Bado. Lakini Jumamosi n'takuja."

Jumamosi hapakuwa na Kiswahili tena. Kocha alirudisha Kiingereza na hesabu za kubadilishwa kila mara, na Humam alilazimika kuzikariri zote kichwani, usiku na mchana, kama mtoto wa chuo cha Kurani anavyokariri juzuu. Alipoinama, jezi ya kijani ilikuwa pale pale.

"Kuwa macho leo, shemeji," alinong'ona Nassor. "Sikuhurumii."

Neno "shemeji" lilimtisha kuliko yote. Mpira ukatoka, miguu ya Humam ikajikita mchangani, na vifua viwili vikagongana. Akamzuia. Mara ya pili akamzuia kwa shida. Hofu haikuondoka. Ilikaa naye dakika zote, lakini alikuwa ameshaisema kwa mdomo wake, na jambo lililokwisha kusemwa linabebeka.

Kipindi cha pili Nassor alimpita. Humam alijua kabla hajageuka. Akasikia kishindo nyuma yake na dunia nzima ikasimama. Alifumba macho, akangoja ule mlio. Haukuja. Alipogeuka, Zephania alikuwa chali, mchanga mdomoni, mpira kaukumbatia.

"Uko sawa?" Humam aliuliza, na hakuitambua sauti yake.

"Niko sawa, kaka. Hebu nivute."

Akamvuta. Mkono ulikuwa mzima, bega zima, kijana mzima. Humam alimtazama mpaka Zephania akamwambia waendelee, watu wanawangoja. Baada ya hapo Nassor hakupita tena. Alijaribu kulia, akajaribu kushoto, akajaribu kwa hila na kwa nguvu, na kila mara alikuta kifua kile kile kinachotetemeka na kisichotoka njiani.

Walifungwa kwa pointi tatu. Hakuna aliyewabeba juu. Kocha Irshad alipita mbele ya Humam akikunja karatasi zake. "Jumatatu mazoezi saa kumi na moja," alisema. "Usichelewe." Humam alihitaji muda kuelewa kwamba hajatolewa. Jina lake lingebaki kwenye orodha, na yeye angebaki Dubai.

Sundus alikuwa ameshuka hadi kwenye kamba ya uwanja. Shela ilikuwa imekunjamana mahali alipokuwa akiiuma mchezo mzima. Humam alimwendea na uchafu wake wote, jezi imechanika begani, na kabla hajafika alishaanza kusema, kwa kuwa alijijua akisimama atanyamaza.

"Nataka kukuposa. Nasema sasa. Nikingoja kesho sitaweza."

Sundus alimtazama juu mpaka chini. Kisha akacheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka.

"Hivi kwenu Mombasa huposa hivyo? Mtu na mavumbi yake, katikati ya uwanja? Hutumwa mtu, Humam. Mtu mzima, mwenye kofia na adabu, anakuja kwa baba Ijumaa baada ya sala na barua yake mkononi. Na wewe siku hiyo hukanyagi kwetu."

"Sina mtu mzima hapa."

"Tafuta. Dubai nzima hii umkose mzee mmoja wa Mombasa?"

"Nikimpata, baba yako akikataa je?"

Hakumdanganya.

"Anaweza kukataa," alisema. "Mkali kweli, na Mombasa haijui."

"Sasa?"

Sundus alinyoosha mkono juu ya kamba. Mbele ya Nassor, mbele ya kocha, mbele ya uwanja mzima, akashika vidole viwili vya ule mkono mkubwa uliokuwa bado unatetemeka.

"Sasa umenisamehe?" Humam alinong'ona.

"Nimekusamehe. Ijumaa tutaogopa wote wawili."